Samaki wa Kupaka kwa Ngege wa Ziwani

Mombasa na Lamu chakula hiki hupikwa kwa changu au tewa. Hapa Kisumu mimi hutumia ngege, yaani tilapia. Nyama yake ni laini zaidi, kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye rojo la nazi anayopakwa: lazima liwe zito kabla ya kugusa samaki.

Hatua ya 1: Samaki
Nenda ufuoni Dunga asubuhi, uchague ngege wa karibu kilo 1 mwenye macho maangavu na matamvua mekundu. Mpare magamba, umpasue kwa mgongoni afunguke kama kitabu, tumbo libaki limeshikana. Toa utumbo, mwoshe, mkaushe kwa kitambaa.

Hatua ya 2: Viungo
Twanga punje 6 za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi, pilipili mbichi 2 na chumvi kijiko 1 cha chai. Kamulia ndimu 1, mpake samaki kote. Nusu saa yatosha. Ukizidisha, ndimu hulegeza nyama na ngege atameguka kwenye wavu.

Hatua ya 3: Tui
Nazi zinazouzwa soko la Kibuye zimesafiri mbali kutoka Pwani, basi zitikise kabla ya kulipa. Isiyo na maji ndani iache. Zikune nazi 2 kwa mbuzi ya nazi, kamua kwa kikombe 1 cha maji ya uvuguvugu: hilo ni tui zito. Tia maji mengine kikombe 1, kamua tui jepesi. Usiyachanganye.

Hatua ya 4: Rojo
Chemsha tui jepesi na nyanya 2 zilizosagwa, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, pilipili 1 na chumvi, mpaka lipungue nusu. Punguza moto. Mimina tui zito, ukoroge bila kuondoka jikoni, kwa sababu likitokota kwa nguvu litakatika na mafuta yatajitenga. Ukwaju uliokamuliwa, vijiko 2 vya chakula, uje mwisho kabisa. Ukali wake nao hukata tui. Endelea mpaka rojo ling'ang'anie mwiko. Rojo jepesi hudondokea makaa, moto hulipuka, na samaki hushika masizi badala ya nazi.

Hatua ya 5: Kuchoma na kupaka
Subiri makaa yafunikwe na jivu jeupe. Pakaza wavu mafuta. Choma upande wa nyama kama dakika 5, geuza, choma upande wa ngozi mpaka nyama iwe nyeupe hadi kwenye mfupa. Sasa paka rojo, liache likauke, paka tena, mara 3 au 4, ukigeuza kidogo kila upande upate rangi. Zipo hoteli zinazokaanga samaki na kummwagia mchuzi tu. Anakosa ule moshi wa makaa uliochanganyika na nazi, na hapo ndipo utamu wote ulipo.

Rojo lililobaki mwagia juu. Pwani wangeleta wali wa nazi au mkate wa mofa. Wateja wangu wengi huagiza ugali, na unalichota rojo hili vizuri sana.