Mzee akikataa kula, punguza sahani

Mama yangu ana miaka 81. Nikimpakulia wali sahani nzima, anakula vijiko viwili na kuisogeza: "Nimeshiba, mwanangu." Siku hizi namtilia kwenye kibakuli, kidogo kidogo, mara 5 kwa siku: uji wenye maziwa na karanga za kusaga, yai, parachichi la kuponda, supu ya samaki iliyokamuliwa ndimu. Chai inakuja baada ya chakula, ikitangulia, imemjaza. Nami nakaa naye mkekani tule pamoja, maana peke yake hali kabisa. Mwangalie na kinywa. Sisi tulidhani anadeka, kumbe jino! Baadhi ya dawa nazo, kama metformin ya kisukari, hupunguza hamu ya kula. Nguo zikianza kumpwaya, mpeleke kwa daktari.