Kujifunza Seli za Yukarioti Chuoni kwa Kufuata Safari ya Protini Moja

Mwanafunzi anayefika Dodoma kuanza shahada ya kwanza ya sayansi ya viumbe huwa amekwisha kukutana na seli za yukarioti, yaani viumbe ambavyo seli zake zina kiini, mara kadhaa shuleni, na tatizo huanzia hapo hapo. Anaikumbuka michoro, anayajua majina, na anaweza kutaja kazi ya kila oganeli (kiungo kidogo cha ndani ya seli) kwa sentensi moja, kwa hiyo hulichukulia somo la muundo na kazi za seli kuwa ni marudio tu. Nami niliingia chuoni nikiwa na fikra hiyo. Katika jaribio la kwanza tuliulizwa kwa nini seli za kongosho zimejaa retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa mifuko ya utando) yenye ribosomu (mashine ndogo za kuunda protini), ilhali seli nyekundu za damu zilizokomaa hazina hata kiini. Nilijaza ukurasa mzima kwa orodha ya oganeli na kazi zake, nikarudishiwa karatasi yenye alama 2 kati ya 10. Orodha yenyewe haikuwa na kosa. Ila haikuwa jibu la swali lililoulizwa.

Kabla ya kugusa majina, shika kwanza vipimo. Seli nyingi za wanyama zina upana wa kati ya mikromita 10 na 30, na mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Tarakimu hizi hazikai kichwani mpaka uzikuze, basi chukua seli ya mikromita 20 uikuze mara milioni moja: itakuwa na upana wa mita 20, sawa na ukumbi mkubwa wa mihadhara. Ndani yake kiini kitakuwa kama chumba cha mita 6, mitokondria, oganeli zinazoipatia seli nishati, zitakuwa na unene wa nusu mita hadi mita moja, ribosomu itatoshana na tunda la zabibu, na protini ya kawaida itakuwa kama punje ya mtama. Utando unaoizunguka seli yote utakuwa na unene wa milimita 7 au 8 tu. DNA ya seli moja ya binadamu, ambayo kwa kweli ina urefu wa mita 2 hivi, itakuwa uzi wenye unene wa milimita 2 na urefu wa kilomita 2,000, yaani kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam na kurudi mara mbili, na bado utabaki. Uzi huo wote umekunjwa ndani ya chumba kile cha mita 6. Ukishaliona hilo, hutahitaji kulazimishwa kukariri kazi ya histoni, zile protini ambazo DNA huzungushiwa.

Baada ya vipimo, chagua mzigo mmoja uufuate. Napendekeza tripsinojeni, protini ya kongosho ambayo hugeuka kuwa kimeng'enya cha tripsini ikishafika kwenye utumbo mwembamba. Maelekezo ya kuitengeneza yamo kwenye DNA ndani ya kiini. Nakala yake, RNA mjumbe, hutoka kupitia vitundu vya utando wa kiini. Ribosomu huanza kuisoma, na kipande cha mwanzo cha protini inayoundwa kikishajitokeza, hutumika kama anwani inayoipeleka ribosomu yote kwenye utando wa retikulamu. Ugunduzi wa anwani hizo ndio uliompatia mwanabiolojia Günter Blobel Tuzo ya Nobel mwaka 1999. Protini huingia ndani ya retikulamu, hukunjwa, hupakiwa kwenye vifuko vidogo, hupita katika vifaa vya Golgi ambako hupangwa kulingana na inakokwenda, kisha hukaa ndani ya vifuko vya akiba hadi ishara ifike ya kumwagwa nje. Katika kila kituo, simama ujiulize: kituo hiki kingekosekana, mzigo ungekwamia wapi? Jiulize pia kwa nini protini hii husafiri ikiwa bado haijaamshwa. Tripsini iliyoamka mapema ingeanza kuimeng'enya kongosho yenyewe.

Njia hii si ya kubuni. Mwanabiolojia George Palade na wenzake waliweka amino asidi (vipande vinavyounganishwa kuunda protini) zenye mnururisho katika vipande vya kongosho la simbilisi, wakaangalia zilipo baada ya muda tofauti: dakika 3 baadaye zilikuwa kwenye retikulamu, kisha zikaonekana upande wa Golgi, na baada ya takriban saa 2 zilikuwa kwenye vifuko vya akiba. Chora ratiba hiyo kwa mkono wako bila kuangalia madesa. Ukiweza kuichora, swali langu la kongosho na damu litajijibu lenyewe, kwa sababu seli nyekundu iliyokomaa haitengenezi protini za kusafirisha. Nafasi yake imeachiwa himoglobini, protini inayobeba oksijeni.

Maabara inataka subira zaidi kuliko akili. Nunua kitunguu chekundu Soko la Majengo, umenye ngozi nyembamba ya zambarau iliyo upande wa nje wa tabaka, uiweke kwenye tone la maji juu ya slaidi, kisha ushushe kifuniko taratibu kuanzia ukingo mmoja. Ukikiangusha kwa haraka utafungia hewa, na kila mwaka yupo mwanafunzi anayechora mapovu yenye duara nene jeusi akidhani ni seli. Anza na lenzi ya mara 4, uweke rula ya plastiki angavu chini yake upime upana wa uwanja unaouona. Ukiwa milimita 4.5, basi kwa lenzi ya mara 40 utakuwa milimita 0.45, na kutoka hapo unaweza kukadiria urefu wa seli moja. Kisha dondosha maji ya chumvi upande mmoja wa kifuniko na kuyavuta kwa karatasi ya shashi upande wa pili. Rangi ya zambarau, ambayo imo ndani ya vakuoli (mfuko mkubwa wa maji wa seli), itasinyaa na kujitenga na ukuta wa seli kwa kuwa maji hutoka kufuata chumvi, huku ukuta ukibaki palepale. Mkulima wa zabibu wa Hombolo analijua jambo hili kwa sura yake ya pili, maana zabibu zilizoiva na kujaa sukari hunyonya maji mvua ikizikuta, zikapasuka.

Chora ulichokiona tu. Hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi, kwa hiyo mchoro wa kitunguu wenye ribosomu umenakiliwa kitabuni, na msahihishaji analijua hilo.

Mihadhara na mitihani ni ya Kiingereza, lakini jioni jieleze au mweleze mwenzako kwa Kiswahili, kwa kuwa hapo maneno ya kukariri hukosa pa kujificha. Angalia tu maneno yanayofanana: kiini cha yai la kuku si kiini cha seli bali ni akiba ya chakula, na DNA ya yai imo kwenye kidoa kidogo cheupe kilicho juu yake.

Wiki mbili kabla ya mtihani, kutaneni watu watatu au wanne, kila mmoja alete seli moja na swali la "kwa nini". Mfano mzuri ni kimelea cha malaria, ambacho nacho ni yukarioti: kwa nini doksisiklini, dawa ya kuzuia ribosomu za bakteria, hukidhuru? Jibu limo kwenye oganeli yake iitwayo apikoplasti, ambayo asili yake ya mbali ni bakteria, na bado ina ribosomu za aina hiyo. Atakayelijibu aulizwe hapo hapo kuhusu mitokondria zetu sisi, ambazo nazo zina ribosomu na DNA zake zenyewe.