Kuchora grafu ya taneli ya superkondakta yenye kizuizi cha sumaku, ukiwa hapa hapa Mtwara

Wadau wa fizikia, heliamu kimiminika ya kupoozea huku kwetu utaipata wapi, na joto la Shangani saa nane mchana ni kama kelvini 303 wakati alumini inataka chini ya 1.2 ndo iwe superkondakta (ipitishe umeme bila ukinzani), kwahiyo kupima tusahau, tunapiga hesabu. Laptop yenye Python inatosha, ila chaji mapema, umeme wetu mnaujua.

Jankisheni yenyewe (tabaka tatu, elektroni zinapenya kihami cha katikati, ndo taneli hiyo): alumini, katikati yuropiamu salfaidi (kihami ambacho kikishuka chini ya kelvini 16.5 kinageuka sumaku), ng'ambo dhahabu.

Tengeneza E (nishati ya elektroni) toka -1 hadi 1 meV (millielektronivolti), hatua 0.002. Halafu wingi wa nafasi za elektroni kwenye alumini, N(E) = |Re[(E-iΓ)/√((E-iΓ)²-Δ²)]|, Δ (pengo la nishati la superkondakta) weka 0.2, Γ (kutandaa kwa vilele) 0.005, zote meV. Sumaku imegusana na alumini so spini (mielekeo miwili ya usumaku wa elektroni) zinaachana kinishati, moja ipe N(E+h) nyingine N(E-h), h (kiasi cha kuachana) iwe 0.1. Usivuke 0.14 aisee, mpaka ni Δ/√2, ukipita hapo superkondakta imekufa ila kompyuta itaendelea kukuchorea uongo bila aibu.

Sasa kizuizi, na hapa ndo penye utamu. Wengi wanaweka ukuta mmoja, hapana, kila spini ina ukuta wake. Uwezekano wa kupenya ni exp(-2κd), κ = 5.12√φ kwa kila nanomita, φ (urefu wa ukuta) ikiwa kwa eV. Jaribu φ 0.6 kwa spini ya N(E+h) na 0.9 kwa ya N(E-h), d (unene wa kizuizi) nanomita 1.5, utaona spini ya ukuta mfupi inapita kama mara 14 ya mwenzie!! Kila N izidishe na uwezekano wake, jumlisha.

Bado joto. Kwa kelvini 0.2 kT (nishati ya joto) ni 0.017 meV, chukua 1/(4kT cosh²(E/2kT)), fanya convolve na ile jumla (inalainisha grafu kwa joto), zidisha na 0.002, ncha za grafu zikilegea achana nazo.

Kabla hujafurahi weka φ zote sawa: lazima upate vilele vinne karibu na ±0.1 na ±0.3, kushoto kama kulia, la sivyo kuna alama umekosea. Rudisha 0.6 na 0.9, vya +0.1 na -0.3 vinapanda vingine vinanywea. Kwa kutolingana kwa namna hiyo Tedrow na Meservey walipima spini za nikeli mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mkondo wa Josephson (unaopita kati ya superkondakta mbili bila volti) na jankisheni ya pai (ambayo awamu yake inageuka nusu mzunguko) ni hesabu nyingine kabisa, usiichomeke kwenye skripti hii.