Audi e-tron au Jaguar I-Pace: Namna ya Kuchagua Ukiwa Nakuru au Kisumu

Anayetaka gari kubwa la umeme la daraja la juu akiwa Nakuru au Kisumu, lakini hana fedha za kununua jipya, mara nyingi hubakiwa na majina mawili katika orodha ya magari yaliyotumika kutoka Uingereza: Audi e-tron 55 na Jaguar I-Pace. Yote mawili huendeshwa na mota mbili, moja mbele na moja nyuma, na betri zao zinakaribiana sana. Ya Jaguar ina kilowati-saa 90, ambapo 84.7 ndizo zinazotumika, na ya Audi ina 95, ambapo zinazotumika ni 83.6 kwa magari ya mwanzo na 86.5 kwa yaliyofuata. Kwa hiyo kulinganisha takwimu za vijitabu vya matangazo hakusaidii sana. Ni afadhali kuanza na barabara unayoipita, kisha umeme wa nyumbani, kisha karatasi za gari lenyewe. Mapenzi na yasubiri, kwa sababu ukiyatanguliza, Jaguar itashinda kwa umbo lake kabla hujauliza swali la kwanza.

Lipo sharti linalotangulia hata hayo. Shirika la Viwango la Kenya haliruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka 8, hivyo anayeagiza mwaka 2026 atafute lililosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 au baadaye, na I-Pace za 2018, ambazo huuzwa rahisi, asizitazame. Pia atafute gari la Uingereza badala ya la Japani, hata kama la Japani limetunzwa vizuri zaidi. Magari ya Uingereza yana tundu la CCS2, ambalo vituo vipya vya kuchajia nchini vinalitumia zaidi, ilhali yaliyouzwa Japani yana tundu la CHAdeMO, na mwenye tundu hilo anaweza kufika kituoni akakuta chaja inafanya kazi lakini plagi yake haimfai.

Sasa barabara. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Mau Summit karibu 2,500, na Kisumu karibu 1,130. Kuliinua gari la tani mbili na nusu kutoka Nakuru hadi Mau Summit kunahitaji karibu kilowati-saa 4.5, yaani zile uniti unazozijua kwenye tokeni, kabla hujahesabu upepo, msuguano wa tairi na umeme unaopotea njiani. Kutoka Kericho kuteremka kuelekea Ahero, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha sehemu ya umeme huo, mradi betri ina nafasi ya kuupokea. Mtu aliyelala Kericho akachaji hadi asilimia 100 hataupata umeme huo, kwa kuwa betri iliyojaa haipokei kitu, na gari litategemea zaidi breki za kawaida kwenye mteremko wote. Asilimia 85 au 90 zinamtosha.

Ukichukua matumizi ya uniti 25 kwa kila kilomita 100, ambayo ni makadirio ya tahadhari kwa Audi na ya kujihami zaidi kwa Jaguar iliyo nyepesi, safari ya takriban kilomita 185 kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho itakula uniti 46 hivi. Magari yote mawili yanafika bila wasiwasi. Kwa hesabu hiyo hakuna hata moja linalokwenda na kurudi kwa chaji moja, kwa hiyo swali la kujiuliza ni wapi utalichaji ukiwa Kisumu, na si lipi lina kilomita nyingi kwenye tangazo. Hofu ya baridi inayopunguza mwendo wa betri, ambayo imejaa katika maandishi ya Wazungu, haituhusu sana.

Hapa ndipo sifa kuu ya Audi inapopungua thamani. Gari hilo hupokea umeme wa kilowati 150 kwenye chaja ya kasi na huushikilia karibu na kiwango hicho hadi betri inapokaribia asilimia 80, wakati Jaguar hukomea kilowati 100 na kushuka mapema. Barani Ulaya hiyo ni tofauti kubwa. Kwenye chaja ya kilowati 50, hata hivyo, yote mawili hupata uniti zipatazo 50 kwa muda wa saa moja hivi, na hakuna anayemshinda mwenzake. Kabla ya kulipia kasi hiyo, angalia nguvu ya chaja zilizoko kwenye njia unazozipita kweli. Nyumbani nako mambo ni sawa: umeme wa fezi moja wa ampea 32 hutoa takriban kilowati 7 kwa gari lolote kati ya haya, na betri tupu hujaa kwa saa 12 au 13. Soketi ya kawaida ya ukutani ingechukua zaidi ya siku nzima, tena soketi zetu nyingi hazikufungwa kwa ajili ya kubeba mzigo mzito kwa saa nyingi mfululizo. Nisingeitegemea.

Jihadhari na mtego mmoja. Zipo e-tron zenye nembo ya 50 badala ya 55, ambazo kwa macho ni pacha wa zile nyingine, lakini betri yake ni kilowati-saa 71 na zinazotumika hazifiki 65. Kwa hesabu yetu ya juu hilo ni gari la takriban kilomita 250, na mwenye kwao Busia au Bungoma akiwa anaishi Nakuru ataichoka upesi. Muuzaji akiandika "Audi e-tron" bila nambari, mwombe picha ya nembo ya nyuma.

Katika karatasi, Jaguar ndiyo inayohitaji uchunguzi mkali. Mwaka 2024 kampuni hiyo iliamua kuyanunua tena magari yapatayo 2,760 ya I-Pace ya modeli ya 2019 nchini Marekani kwa sababu ya hatari ya betri kushika moto. Audi nayo iliyaita baadhi ya magari yake huko yarudi kurekebishwa mwaka 2019, kwa kuwa unyevu ungeweza kupenya hadi kwenye betri, lakini suala hilo lilikuwa dogo zaidi. Kwa gari lolote la Uingereza, chukua nambari ya usajili na nambari ya chasisi. Tovuti ya serikali ya Uingereza, GOV.UK, itakuonyesha bila malipo historia ya ukaguzi wa kila mwaka na maili zilizoandikwa kila mara, na nambari ya chasisi itakuonyesha kwa mtengenezaji kama gari liliitwa na kama kazi ilimalizika. Omba pia ripoti ya afya ya betri. Picha ya dashibodi inayoonyesha kilomita zilizobaki si ushahidi, kwa maana gari hukisia kwa kufuata mwendo wa dereva aliyepita.

Kwa barabara za vumbi na matuta ya vijijini, Audi ina springi za hewa kama kawaida yake, na dereva anaweza kuinua mwili wa gari. I-Pace nyingi zina springi za chuma zenye nafasi ya sentimita 14 hivi tu kutoka chini, na zile zenye hewa huinuka hadi sentimita 5 zaidi. Zikague kabla ya kununua, kwani hewa ikivuja hela nazo huvuja. Katika magari yote mawili chagua rimu ndogo, na kwa Audi ikwepe ile yenye kamera badala ya vioo vya pembeni. Wezi wa vioo hawatauliza bei ya kamera.

Utengenezaji wa I-Pace ulikoma mwaka 2024, na kiwanda cha Audi cha Brussels kilichotengeneza e-tron kilifungwa Februari 2025, kwa hiyo vipuri ni suala la kuulizia mapema. Audi ina nafuu kidogo kwa kuwa msingi wake ni ule ule wa Q5 na Q7. Ushuru nao hukokotolewa kwa thamani iliyo kwenye orodha ya KRA, si kwa bei uliyolipa, na kwa magari yaliyoshuka bei sana Uingereza unaweza kuikaribia bei ya kununulia. Mwombe wakala wa forodha akokotoe kwa yote mawili kabla hujatuma pesa.

Kwa familia yenye safari za mashambani, mimi ningechukua Audi 55, hata ikiwa inakula umeme zaidi. Jaguar ningempa anayeishi mjini, anayependa kuendesha, na aliyethibitisha kwa maandishi kuwa kazi zote za betri zimefanywa. Vyovyote vile, chaja ifungwe kabla gari halijatoka Mombasa, na fundi aliyesajiliwa na EPRA, mamlaka ya nishati, avute kebo yake peke yake kutoka kwenye mita pamoja na kikata umeme chake. Ulizia Kenya Power pia kuhusu bei maalumu ya umeme wa magari iliyoanzishwa mwaka 2023, ambayo usiku ni nafuu zaidi, na tozo na kodi zinazoongezwa juu yake.