Kabla afisa wa kaunsili hajaja kumwona mama

Mkiwa England na mzazi ameanza kushindwa na ngazi au bafu, mlango wa kuanzia ni tathmini ya mahitaji inayofanywa na kaunsili ya eneo lenu. Sheria ya matunzo ya mwaka 2014 inailazimu kaunsili kumtathmini bure mtu mzima yeyote anayeonekana kuhitaji msaada, hata kama ana pesa zake benki. Kuomba ni kupiga simu au kujaza fomu kwenye tovuti yao. Kazi iko siku yenyewe.

Wazee wetu wamelelewa kujisitiri. Afisa akimuuliza kama anaoga mwenyewe, mama atajibu anaoga, alhamdulillah, kisha atainuka na magoti yake yanayouma kwenda kumpikia mgeni chai. Afisa ataandika alichokiona: hana shida. Kwa hiyo zungumza naye mapema, faraghani. Mweleze kwamba sheria haiishii kwenye kuweza. Anayeoga kwa maumivu makali, kwa kujihatarisha, au kwa kuchukua muda mrefu kupita kiasi huhesabiwa kuwa hawezi. Yanapimwa mambo 10, yakiwemo kula, usafi wa mwili, choo, kuvaa na usalama ndani ya nyumba. Akishindwa mawili au zaidi kwa sababu ya maradhi au ulemavu, na maisha yake yakaathirika sana, anastahili. Kushiriki mambo ya mtaani nako kumo, hivyo kama ameacha kwenda msikitini au kanisani kwa kuogopa kuanguka, litajwe.

Siku chache kabla, wekeni daftari jikoni. Andika alipoteleza, dawa aliyosahau, usiku alioamka kukuita umpeleke msalani. Andika siku mbaya hasa, maana siku njema afisa atajionea mwenyewe. Andika na kazi zako. Wengi wetu hujiharibia kwa kusema "tunamsaidia sisi" na kunyamaza, ilhali kaunsili inatakiwa ipime mahitaji yake kana kwamba wewe hupo, ndipo ikuulize yapi uko radhi kuendelea nayo. Hata wewe unayemtunza una haki ya kutathminiwa.

Mkalimani aombwe tangu simu ya kwanza. Kumbebesha mjukuu maswali ya choo cha bibi yake ni kuwaaibisha wote wawili, na mengi yatafichwa.

Baada ya hapo kuna hesabu ya pesa, basi tayarisha taarifa za benki na za pensheni. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia huduma. Iliyo chini ya 14,250 haiguswi, ingawa kipato chake kinaweza kuchangia. Nyumba anayoishi haihesabiwi maadamu anahudumiwa humo humo. Ule uvumi wa kaunsili "kula nyumba" unatokana na waliohamia makao ya wazee. Vishikio vya ukutani na vifaa vingine vidogo visivyozidi pauni 1,000 ni bure, na anayetoka hospitali anaweza kupata wahudumu wa kumrudishia uwezo wake bila malipo hadi wiki 6. Kwa bafu lisilo na kizingiti au kiti cha umeme cha kupandia ngazi, ulizieni ruzuku ya Disabled Facilities Grant, inayofika pauni 30,000. Walioko Scotland wana utaratibu wao: huko huduma ya mwili nyumbani, kama kuogeshwa na kuvishwa, hailipiwi na anayethibitika kuihitaji.

Attendance Allowance ni posho ya serikali kuu kwa waliofikia umri wa pensheni wanaohitaji kutunzwa kwa sababu ya maradhi au ulemavu, na haitazami akiba. Lakini kama viza ya mama inamkataza kutumia fedha za umma, posho hii imo katika katazo hilo. Msijaze fomu kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji.

Akikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi. Lalamikeni kwanza kaunsilini kwenyewe, na jibu lisiporidhisha pelekeni kwa Local Government and Social Care Ombudsman, ofisi huru inayochunguza malalamiko dhidi ya kaunsili, ambako hakuna ada. Daftari lile la jikoni liambatanishwe.