SOMO: DBS wamekuzuia kufanya kazi na watoto? Rufaa inakatwa hivi

Naliandika hapa mara moja, maana swali hili linaulizwa kila wiki. DBS ni idara ya serikali ya Uingereza inayokagua rekodi za watu na kuamua nani azuiwe kufanya kazi na watoto. Somo ni kwa walioko England na Wales. Scotland wana utaratibu wao.

1. Soma barua. "Tunakusudia kukuzuia" si "tumekuzuia".

2. Kama wanakusudia tu, una wiki 8 za kujitetea kwa maandishi.

3. Ukishazuiwa, acha kazi hiyo siku hiyo hiyo. Kuendelea ni kosa la jinai, kifungo hadi miaka 5.

4. Una miezi 3 ya kuomba ruhusa ya rufaa Upper Tribunal, mahakama inayosikiliza rufaa hizi. Hakuna ada.

5. Hapa ndipo wengi wanaangukia. Sheria ya 2006 ya kulinda watoto na watu wazima walio hatarini (Safeguarding Vulnerable Groups Act) inakubali sababu mbili tu: DBS wamekosea sheria, au wamekosea ukweli wa jambo walilolitegemea kuamua. Kama inafaa uzuiwe au la, majaji hawaamui. Kwa hiyo barua ya mchungaji na "nimelea wanangu wanne" peke yake havikufikishi popote. Chukua kalamu, pigia mstari kila sentensi inayosema ulitenda kitu. Wameandika ulimvuta mtoto mkono? Andika pembeni: nani aliona, alisimama wapi, rota inaonyesha alikuwa zamu? Hilo linapingika. "Ni hatari kwa watoto" ni maoni yao. Yapinge kwa kuvunja matukio yaliyoyabeba. Na TAFADHALI usimpigie simu mzazi wa mtoto!

MASWALI

Mama Neema: Nimepata barua juzi, nifanyeje?
— Dada, namba 1. Kisha rudi na tarehe ya barua.

Bakari: Polisi walifunga kesi. Si inatosha?
— Haitoshi. Mahakama ya jinai inataka uhakika. DBS wanauliza tu kama kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba lilitokea. Ila umeuliza jambo la maana, kaka. Tafuta polisi waliacha kwa nini. Kama shahidi alibadilisha maneno, hayo ni ushahidi, na Upper Tribunal wanaweza kupokea hata ambao DBS hawakuuona. Wewe pia watakusikiliza: jaji na wajumbe wawili wenye uzoefu.

Shem Juma: Miezi 3 ilishanipita, mwaka wa pili sasa.
— Shemeji, kuchelewa kunaweza kusamehewa kwa sababu nzito. Mlango mwingine ni kuwaomba DBS wapitie upya: aliyezuiwa akiwa na miaka 25 au zaidi husubiri miaka 10, wa 18 hadi 24 husubiri 5. Ukiwa na taarifa mpya wasizokuwa nazo, omba wakati wowote.

Furaha: Kiingereza changu kidogo.
— Omba mkalimani mapema, hulipii. Taja kama Kiswahili chako ni cha Kongo au cha Tanzania.