Kabla hujabadilisha chupa ya maji ya injini kwenye dizeli ya zamani

Chupa ikianza kuvuja kwenye mshono, usikimbilie maduka ya spea ya Ngamiani, hapa Tanga, kuokota yoyote inayoenea kwenye nafasi. Yako mambo ya kuyaweka sawa kwanza, na mengi hayana gharama.

Injini ipoe. Ipoe kweli: mpira mkubwa wa juu wa rejeta ukiubonyeza uwe laini na usiunguze. Maji yaliyobanwa na presha yanapita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukifungua kifuniko yanachemka yote kwa mpigo na kukurukia usoni.

Jua gari lako ni la mfumo upi. Kwenye Land Cruiser za injini ya 1HZ na Hilux nyingi za zamani, kifuniko cha presha kiko juu ya rejeta, na chupa ya pembeni ni ya akiba tu. Maji yakipanuka yanasukumwa huko, injini ikipoa yananyonywa yarudi. Hapo kagua jambo moja: mpira ufike chini ya chupa na uzame kwenye maji, la sivyo injini itanyonya hewa kila usiku. Kwenye Land Rover za 300Tdi, zilizoanza kutoka 1994, chupa yenyewe ndiyo yenye kifuniko cha presha, na inabeba msukumo uleule wa rejeta. Ukifunga hapo chupa ya akiba ya Toyota, itapasuka, hata fundi akuapie vipi.

Kifuniko nunua kipya, chenye presha inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Kuingia kwenye uzi siyo kufaa. Kwa presha ya baa 1 hivi, maji yanavumilia hadi karibu nyuzi 120. Kifuniko kilichochoka kinakurudisha kwenye 100, na ukiwa Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, kwenye 95 tu.

Jiulize pia ya zamani imepasuka kwa nini. Plastiki ikizeeka inakuwa ya njano na kukatika, hilo ni la kawaida. Lakini ukiwasha injini ikiwa ya baridi, mpira wa juu ukakakamaa ndani ya dakika chache na mapovu yakapanda kwenye chupa bila kukoma, gesi ya silinda inavuja kupitia gasketi ya hedi, yaani kizibio kilicho kati ya bloku ya injini na hedi, kile kipande cha juu kinachofunika silinda. Chupa mpya haitakusaidia. Okoa pesa yako kwanza kwa kumtafuta fundi wa hedi.

Mipira iwe ya maji ya moto. Mpira wa bustani unalainika na kuchomoka. Na kama pampu ya dizeli inavuja, ziba uvujaji huo kabla ya kufunga mipira mipya, maana dizeli inaivimbisha mipira ya maji mpaka inakuwa kama mkate uliolowa chai. Klipu kaza za kutosha tu. Kidomo cha plastiki, kile kimrija cha chupa kinachovikwa mpira, kikikatika, chupa imekwisha.

Sasa nije kwenye mpira mwembamba, ambao watu wanaudharau na ndio ulionifanya niandike haya.

Mzee mmoja jirani yetu Chumbageni alikuwa na 300Tdi. Chupa yake ilipopasuka, fundi akampatia iliyotumika, imetoka kwenye gari jingine, yenye presha lakini imepungua kidomo kimoja. Ule mpira mwembamba unaotoka juu kwenye mfumo wa maji, wa kurudisha hewa na maji kidogo kwenye chupa, ukakosa pa kuingia. Fundi akauziba kwa bolti na klipu. Mzee akauliza. Akajibiwa, "Usiwe na wasi, mzee wangu, huo wa kupumulia tu."

Mjini gari lilikwenda vizuri, na hicho ndicho kilichotudanganya. Tulipotoka kwenda msibani Lushoto, Muheza tukapita, Segera, Korogwe, geji imetulia katikati. Tukaanza kupanda kutoka Mombo. Kabla ya Soni geji ikapanda kidogo, halafu ikaanza kushuka, na mzee akafurahi kwamba gari limepoa. Haikupita muda injini ikapoteza nguvu, harufu ikaingia ndani, mvuke ukafunika kioo.

Geji haikuwa mbovu. Kihisio chake kinapima joto la maji yanayokigusa. Hewa isiyo na njia ya kutoka inakusanyika sehemu za juu, na pampu inasukuma maji, haiwezi kusukuma hewa. Kihisio kikibaki ndani ya hewa, sindano inashuka huku chuma kinaungua. Thamostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji kwenda kwenye rejeta, nayo isipoguswa na maji ya moto inachelewa kufunguka. Hedi ya injini ile ni ya alumini, na alumini ikizidiwa na joto inapinda. Gari lilivutwa hadi Tanga, hedi ikapelekwa kuchongwa, gasketi mpya, na mzee alikosa mazishi ya dada yake. Hilo la mwisho ndilo analoliongelea mpaka leo. Bolti moja.

Kwa hiyo hesabu vidomo kabla hujalipa, na chukua chupa ya zamani mkononi uzilinganishe. Chupa ikae juu kuliko sehemu zote zenye maji, mpira mwembamba upande moja kwa moja bila kutengeneza nundu, na ule mnene wa chini uelekee upande wa pampu ya maji. Usiibadilishane mipira hiyo.

Kujaza nako kuna utaratibu. Egesha pua ya gari ikiwa juu kidogo, fungua hita mpaka mwisho hata kama Tanga hii hakuna anayeihitaji, fungua na kile kizibo cha kutolea hewa kwenye nyumba ya thamostati. Mimina polepole mpaka yatoke maji yasiyo na mapovu, funga, washa, minyaminya mipira. Injini ikipata moto, weka mkono kwenye hewa ya hita. Ikitoka baridi, maji hayazunguki. Zima, acha ipoe, rudia. Kesho yake asubuhi ongeza palipopungua.

Maji ya kisima cha huku pwani usiyatumie, chumvi yake inakula alumini. Tumia maji ya betri yaliyosafishwa (siyo asidi) na kulanti, ile dawa ya kupoza injini, nusu kwa nusu, na usichanganye kulanti mbili kwa kuamini rangi zinafanana, soma maandishi ya kopo. Ile ya zamani ikinge kwenye beseni uifiche. Ina utamu na ni sumu, na mbuzi na paka wa mtaani hawajui tofauti.

Usipande Mombo siku hiyohiyo uliyofunga. Zunguka kwanza mjini, nenda Pongwe urudi, tazama chini ya gari. Beba maji ya ziada, beba klipu. Ukiona sindano ya joto inashuka ghafla mlimani bila sababu, simama hapohapo, zima injini, na utingo asiguse kifuniko.